Maswali ya Wasomaji: Krismasi ya Sufuria Moja

Barua za mwezi huu ni nyingi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: sikukuu ipiteje bila mama kuishia jikoni na baba kuishia kwenye madeni. Tumejibu zile zinazowagusa wengi. Vipimo tulivyoweka ni vya nyumba za huku Nyanda za Juu Kusini, kwenye baridi na mvua ya Desemba, kwa hiyo usishangae vikitofautiana na vya ndugu yako wa Dar es Salaam.

Chakula kinafika mezani saa kumi na moja

*Wahariri, habari za kazi. Siku ya Krismasi tunakuwa watu 18 nyumbani, wakubwa 12 na watoto 6. Napika pilau, wali wa nazi, ndizi nyama, kuku wa kukaanga, chapati, na chipsi kwa ajili ya watoto. Ibada inaisha saa tano, lakini tunakula saa kumi na moja jioni. Watoto wanakuwa wameshalala na njaa, na mimi sina hamu hata ya kuonja. Nifanye nini? Mama wa wanne, Uyole*

Ondoa vyakula vitano, mama, ubaki na pilau. Hatusemi upunguze kidogo kila kimoja, maana kazi haipungui hivyo. Chukua chapati peke yake: watu 18, mbili mbili, ni chapati 36. Kila moja inakaa kikaangoni dakika 3 hivi. Hiyo ni karibu saa mbili umesimama, bado hujakanda wala kusukuma. Chipsi nazo hazipikwi mapema, lazima ukaange watu wakisubiri. Wali wa nazi na pilau ni mchele uleule mara mbili. Kama kuna mzee asiyekubali sikukuu bila ndizi, zipike tarehe 26, wageni wakiwa wachache na kila mtu akiwa ameichoka pilau.

Kwa watu hao 18, ukihesabu watoto wawili kama mkubwa mmoja, unahitaji mchele kilo 2 na nusu, nyama ya ng'ombe yenye mfupa kilo 3, viazi mviringo kilo 1 na nusu, vitunguu maji robo tatu ya kilo, vitunguu saumu vichwa 3, tangawizi gramu 100 na mafuta kikombe kimoja na nusu. Viungo vikavu: bizari nyembamba vijiko 3 vya chakula, pilipili manga kijiko 1, mdalasini vijiti 3, iliki 12, karafuu 10. Chumvi anza na vijiko 3 vya chakula, kisha onja supu kabla ya kutia mchele. Inapaswa iwe imekolea kidogo kuliko supu ya kunywa, kwa sababu mchele na viazi vitaila. Kachumbari ni nyanya kilo 1 na nusu, vitunguu nusu kilo na ndimu 4. Baada ya hapo, maembe. Desemba ndiyo msimu wake, yanashuka sokoni kutoka Kyela na Usangu, na hayahitaji jiko. Soda, kreti moja ya chupa 24 inatosha: kila mtu anapata yake na sita zinabaki kwa wapitaji.

Sufuria iwe ya lita 15. Ndogo kuliko hiyo mchele utabanwa, chini uwe bokoboko na juu uwe na kiini. Ukivuka kilo 4 za mchele, gawa kwenye sufuria mbili.

Sasa ratiba. Tarehe 23 chambua mchele, twanga saumu na tangawizi pamoja na chumvi kidogo, tia kwenye kopo na mafuta juu. Tarehe 24 jioni katakata vitunguu na uvikaange kwenye mafuta yote kwa moto wa wastani dakika 15 hadi 20 mpaka viwe kahawia. Hapa ndipo pilau nyingi zinapoharibika. Vikitolewa vikiwa vya njano, pilau inakuwa nyeupe na haina harufu. Vikivuka kahawia kwenda weusi, uchungu wake hautoki hata uongeze viungo gani. Epua vikiwa bado havijafika rangi unayoitaka, maana mafuta ya moto yanaendelea kuvipika nje ya jiko. Viache humohumo, funika.

Krismasi yenyewe, nyama iingie motoni saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya chai. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, si 100 kama pwani. Ndiyo maana nyama inayoiva kwa dakika 45 Tanga inaweza kukuchukua saa moja au zaidi huku, na Makete zaidi ya hapo. Kuchochea moto hakusaidii. Maji yakishachemka hayapandi joto tena, yanakauka tu, na mkaa unakwisha. Kinachosaidia ni mfuniko unaobana, au sufuria ya presha kama unayo au jirani anakuazima.

Ukirudi ibadani, supu na nyama vichemke tena dakika 10. Mchele uwe umelowekwa nusu saa na kuchujwa. Pasha vitunguu vyako, tia saumu na tangawizi dakika 2, viungo vikavu, nyama, viazi, kisha supu pamoja na maji jumla lita 4 na nusu. Kama hukuloweka mchele, ziwe lita 5. Ikichemka tia mchele, koroga mara moja tu. Acha bila mfuniko mpaka maji yashuke usawa wa mchele, ndipo ufunike, upunguze moto chini na uweke makaa juu ya mfuniko. Baada ya dakika 15 geuza mara moja kutoka chini kwenda juu, funika tena dakika 15. Usifunue kuchungulia. Kila ukifunua, mvuke unaoivisha mchele wa juu unatoka. Ukianza saa tano na nusu, saa saba na nusu mnakula.

Watoto wasingoje na njaa. Chai ya asubuhi iwe nzito, na maandazi yaliyopikwa tarehe 24 yatawashika vizuri mpaka saa hiyo.

Gesi iliisha katikati ya mapishi

*Mwaka jana mtungi uliisha pilau ikiwa bado ina maji, maduka yote yamefungwa. Nitajuaje imebaki kiasi gani? Msomaji, Kihesa, Iringa*

Pima kwa mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma, kwa kawaida shingoni karibu na valvu au kwenye kishikio. Upime mtungi wako kwa muuza duka au muuza vyuma chakavu, toa uzito huo, kinachobaki ni gesi. Jiko likiwa na moto mkubwa hula gramu 200 hivi kwa saa, kwa hiyo kilo 1 ni saa tano za moto mkubwa. Nyama na pilau za siku moja zinamaliza zaidi ya nusu ya hiyo. Kama huna mizani, mwagia maji ya uvuguvugu ubavuni mwa mtungi na upitishe kiganja kutoka juu kushuka: pale unaposikia baridi ghafla ndipo gesi ilipofikia. Fanya hivyo tarehe 20, si mkesha. Na umeme wa LUKU nunua siku hiyohiyo.

Wageni wanalala sebuleni na baridi ni kali

*Tunapata wageni wengi wakati wa Krismasi, wanalala sebuleni chini. Usiku tunaingiza jiko la mkaa tulilopikia ili kuwe na joto mpaka asubuhi. Mama mkwe anasema si vizuri, lakini hakuna moshi, mkaa umeshakuwa mwekundu. Nani yuko sahihi? Njombe mjini*

Mama mkwe yuko sahihi kabisa, na tunakuomba usiingize jiko hilo ndani hata usiku mmoja. Mkaa mwekundu usio na moshi ndio hatari zaidi kwa sababu haukuonyi. Unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu, haina rangi na haiwashi macho. Inaingia kwenye damu mahali pa oksijeni. Aliye macho huumwa kichwa, huhisi kizunguzungu na kichefuchefu, miguu hulegea. Aliyelala haamki kuyahisi hayo. Watoto na wajawazito huathirika mapema. Kufungua dirisha kidogo si kinga, na siku ya mvua lazima mtu atalifunga usiku.

Jiko libaki nje, hata kama makaa yanaonekana kufifia. Pateni joto kwa njia nyingine. Baridi ya anayelala chini inatoka sakafuni kuliko hewani, kwa hiyo tandika mkeka, juu yake magunia safi au maboksi yaliyofunguliwa, kisha godoro. Blanketi moja la chini linafaa kuliko mawili ya juu. Chupa za plastiki ngumu zijazwe maji ya moto yasiyochemka, zifungwe barabara, zivikwe soksi na kuwekwa miguuni. Ukimkuta mtu amelegea kwenye chumba chenye jiko, fungua milango, mtoe nje kwanza, kisha mkimbize hospitali hata akizinduka.

Mkaa wenyewe uhifadhi ndani tangu mwanzo wa Desemba, ukiwa umeinuliwa juu ya mbao. Mkaa uliolowa unatoa moshi, unapasuka na kurusha cheche, na mtu huishia kuuwasha kwa mafuta ya taa yanayonuka mpaka kwenye chakula.

Kikoba kinavunjwa, Januari hatuna kitu

*Kamwene! Kikoba chetu kinavunjwa katikati ya Desemba. Mwaka jana hela yote iliisha kabla ya mwaka mpya, Januari nikakopa ili ninunue sare. Nikimwambia mume wangu tubane matumizi, anasema sikukuu ni mara moja kwa mwaka. Tugaweje? Mwanakikoba, Makambako*

Kamwene dada. Mume wako hajakosea: sikukuu ni mara moja kwa mwaka. Januari nayo ni mara moja kwa mwaka, na inajulikana tarehe. Mkae naye kabla ya siku ya kuvunja kikoba, na karatasi mbele yenu, hela ikiwa bado haijashikwa. Hela ikishaingia mfukoni kila mtu anakuwa na jambo lake.

Andikeni Januari kwanza. Elimu ya serikali haina ada, lakini daftari, sare, viatu, begi na nauli ya anayeanza kidato cha kwanza vinakula fedha. Siku ya kuvunja kikoba pitia dukani ununue vitu hivyo kabla hujafika nyumbani. Fedha iliyofichwa kwa ajili ya sare inaazimwa na nyumba nzima, sare iliyoko sandukuni haiazimwi na mtu. Wiki ya kwanza ya Januari kila mtu yuko dukani na saizi za watoto zinakwisha.

Pili, shamba. Hili wengi wanalisahau, na kwa watu wa Njombe, Mbozi na Iringa ndilo linaloamua mwaka mzima. Mahindi yaliyopandwa mwisho wa Novemba hufika magotini hapohapo kati ya Krismasi na wiki za kwanza za Januari, na mbolea ya kukuzia haingoji. Wengi hutumia mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 kwa ekari. Nunueni mapema na muuweke juu ya mbao, mbali na ukuta, mdomo umefungwa, kwa sababu urea inavuta unyevu na kuganda. Siku ya kuweka, fukieni kwa udongo. Ikiachwa juu, sehemu yake inapotea hewani na fedha yenu inakwenda nayo.

Tatu, deni lolote lenye riba. Nne, sadaka ya shukrani na hela mnazotuma kijijini. Andikeni majina na kiasi cha kila mmoja, mtume kabla ya tarehe 20. Aliyetumiwa mapema anapanga na kilichoko, asiyetumiwa anapiga simu mkesha, na mkesha mtu anatoa kwa aibu kuliko kwa uwezo.

Kinachobaki hapo ndicho cha sikukuu, na mkile chote bila kujuta. Kuhusu nguo za watoto: nunua kitu kimoja cha sikukuu kwa kila mtoto, viatu viwe vyeusi vya shule. Mtoto anavivaa vipya kanisani tarehe 25 na vipya bado darasani Januari. Viatu vyeupe kwenye matope ya Desemba havifiki jioni.

Mbuzi au nyama ya buchani?

*Tuko kaya tano za ndugu na majirani, watu kama 30. Tunataka kuchangia mbuzi badala ya kila mtu kwenda buchani. Mmoja atatosha? Tuchinje lini? Baba, Mafinga*

Mmoja mzuri anatosha. Mbuzi hai wa kilo 30 hutoa nyama yenye mfupa kilo 13 hadi 14, ukiacha kichwa, miguu na vya ndani. Kwa mlo wa wali au ugali, robo kilo ya nyama yenye mfupa kwa mtu ni ukarimu, kwa hiyo watu 30 wanakula kilo 7 na nusu. Inayobaki kila kaya inaondoka na fungu la kilo moja na zaidi. Uzito usikadiriwe kwa macho, kwa sababu mbuzi aliyejaza maji na majani anaonekana mnene. Mshike mgongoni nyuma ya mbavu: ukihisi mifupa ya uti imechomoza kama meno ya msumeno, ana ngozi tu.

Mchinje tarehe 24 mchana, si asubuhi ya Krismasi. Nyama iliyochinjwa hukakamaa baada ya saa chache, na ikipikwa ikiwa imekakamaa inabaki ngumu hata ikikaa motoni nusu siku. Ikining'inia usiku kucha kwenye baridi ya Mafinga, mahali penye hewa, imefunikwa kwa chandarua safi nzi wasiifikie, asubuhi inakuwa imelegea. Vya ndani havingoji: vioshwe na kupikwa jioni ileile, na supu ya kichwa na miguu ianze alfajiri. Mwiteni mkaguzi wa nyama mapema, maana naye siku hiyo anaitwa kila mahali. Akisema ini litupwe, lizikwe, mbwa wasilipate.

Kubalianeni kabla ya kununua nani atapata kichwa, ngozi na miguu, na kwamba mafungu yatapimwa kwa mizani, kila fungu likiwa na mfupa wake na mnofu wake. Majirani wengi waliokosana baada ya sikukuu walikosana kwa paja.

Wakwe wanakuja kwa siku kumi

*Ndaga fijo kwa gazeti lenu. Nimeolewa miaka miwili. Baba mkwe, mama mkwe na mawifi watatu na watoto wao wanakuja kutoka Dar, watakaa siku kumi. Nyumba ni ndogo na mimi niko peke yangu. Nitaonekanaje nikiomba msaada? Mkamwana, Tukuyu*

Usiombe wewe, dada. Aombe mumeo, tena kabla hawajafika, kwa simu, akimwambia mama yake: “Mama, mkifika tumegawana kazi hivi.” Maneno hayo yakitoka kwa mwanawe ni utaratibu wa nyumba, yakitoka kwako siku ya tatu ukiwa umechoka yanakuwa malalamiko. Kazi zigawanywe kwa kitu, si kwa siku: wifi mmoja ashike chai ya asubuhi tangu kuwasha moto hadi kuosha vikombe, mwingine vyombo vya jioni, wa tatu maji na usafi wa choo na bafu. Wewe baki na chakula cha mchana na cha jioni tu. Mawifi wengi wanapenda kusaidia, wanachoogopa ni kuingia jiko la mwenzao bila kualikwa. Ukimkabidhi kitu kizima, “wifi, chai ni yako mpaka mnaondoka,” anajua pa kushika.

Baadhi ya familia za Kinyakyusa bado zinashika mwiko wa mkamwana na baba mkwe kukwepana. Muulize mama mkwe mapema kama mzee anaufuata. Kama anaufuata, mpe chumba ambacho njia yake ya kwenda chooni haipiti jikoni, na chakula chake apelekewe na mjukuu. Jambo hili likipangwa mapema mnapumzika nyote wawili. Lisipopangwa, wewe utashinda umejificha na yeye atashinda anakohoa kabla ya kutoka.

Tukuyu kwa mvua hakuna haja ya kueleza. Mashuka na blanketi zifuliwe kuanzia tarehe 10, chache chache, ukikamata kila jua la asubuhi, na zisikunjwe zikiwa na unyevu hata kidogo. Shuka lenye ubaridi linalokunjwa leo linanuka uvundo kesho kutwa.

Kwa chakula, pilau siku moja tu. Siku nyingine tisa ni ndizi, viazi, maharage, mboga za majani na maparachichi, na usione haya. Watu wa Dar wanavinunua hivyo kwa bei kubwa na wamevimisi. Maharage loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha mengi ya siku mbili kwa mara moja, uunge ya siku moja na mengine uyachemshe tena jioni. Sukari: watu 10, vikombe viwili kwa siku, vijiko viwili kila kikombe, ni kama kilo 2 kwa siku kumi, weka 3 kwa ajili ya wapitaji.

Mumeo awasaidie pia kukata tiketi za kurudi mapema, kabla shule hazijakaribia kufunguliwa na mabasi kujaa. Hapo tarehe ya kuondoka inajulikana kwa kila mtu bila mtu kuitaja.

Baba amefariki Oktoba. Tufanye sikukuu?

*Sisi ni watoto watano. Baba alifariki mwezi wa kumi. Wengine wanasema tuje wote kwa mama tufanye sherehe kubwa ili afarijike, wengine wanasema mwaka huu tusifanye kitu. Mama mwenyewe hasemi. Mtoto wa kwanza, Ilula*

Poleni sana. Mama hasemi kwa sababu swali mlilompa ni kubwa mno. Mpeni dogo: “Mama, siku ile uwe hapa nyumbani au uje kwangu?” Akijibu hilo, ulizeni la pili siku nyingine: wote au wachache. Mfuateni anavyosema, na akibadili mawazo tarehe 23 mkubali bila kuguna.

Sherehe kubwa mwaka huu hatuishauri. Nyumba ikijaa, mama anarudi kuwa mwenyeji, anasalimia na kushukuru kama alivyofanya siku za matanga, na usiku anabaki peke yake amechoka mara mbili. Kutofanya kitu kabisa nako kunamwacha akisikiliza ngoma za majirani. Mje wachache, mpike chungu kimoja, mle mapema. Msimpokonye kila kazi. Kama anataka kuchambua mchele, achambue, na mmoja wenu akae naye kwenye mkeka achambue pamoja naye, maana watu huongea mikono ikiwa na kazi. Usiku wa tarehe 24 na 25 binti au mjukuu alale chumbani kwake.

Mmoja wenu awe wa kupokea wageni barazani na kuwashukuru, na mwambieni mzee wa kanisa au wa jumuiya kwamba watakaokuja kusali waje baada ya ibada, wasipite saa tisa. Mtaje baba wakati wa sala ya chakula, kwa jina. Kunyamaza kwenu hakumlindi mama, kunamfanya aone kwamba ni yeye tu anayemkumbuka.

Mkienda kaburini mtakuta udongo umedidimia. Ni kawaida kwa kaburi jipya kwenye mvua za kwanza. Jazeni udongo, mshindilie kwa miguu taratibu, na zege msiweke sasa hata kama fedha ipo na wote mko nyumbani. Udongo bado unashuka, zege litapasuka. Subirini mvua ziishe.

Mti wa Krismasi usio na gharama

*Watoto wanataka mti kama wa kwenye televisheni. Tunaishi karibu na shamba la miti. Naweza kukata mmoja mdogo? Mama, Mufindi*

Usikate kwenye shamba la serikali bila kibali, hata mche mdogo, ni kosa. Mwombe jirani mwenye misonobari yake, ambaye hata hivyo hupogoa matawi ya chini. Tawi moja la mita moja na nusu likisimamishwa kwenye ndoo ya mchanga uliolowa linakaa kijani siku kumi, ukiongeza kikombe cha maji kila asubuhi. Likate tarehe 22. Likikatwa mwanzo wa mwezi, mpaka siku yenyewe sindano zimeanguka zote kwenye mkeka. Mshumaa usiwashwe karibu nalo kabisa. Utomvu wa msonobari unashika moto kama mafuta. Watoto wakate nyota za karatasi za daftari lililokwisha. Kazi hiyo inawashika mchana mzima wa mvua, nanyi mkafanya yenu.

Pilau iliyobaki

*Kiporo cha pilau kinakaa muda gani bila friji? Huku kwetu ni baridi. Dada, Mbalizi*

Baridi ya usiku wa Mbalizi si ya friji. Wali una vimelea vinavyostahimili kuchemshwa, navyo ukikaa vuguvugu vinaamka na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kinachoharibu ni kuuacha ndani ya sufuria kubwa imefunikwa: katikati unabaki na joto mpaka usiku wa manane. Mkimaliza kula tu, toa viazi na nyama pembeni, tandaza wali kwenye sinia pana, upoe ndani ya saa moja au mbili, funika kwa kitambaa safi na uweke mahali penye baridi kuliko pote ndani ya nyumba. Uliwe kwa chai ya asubuhi ya tarehe 26, umepashwa mpaka unafuka mvuke wote, si juu tu. Nyama ichemshwe usiku ileile na tena asubuhi. Kachumbari iliyobaki mwaga. Wali ulioshinda mezani tangu saa nane hadi saa mbili usiku, watoto wakichota kwa mikono, usiuweke kiporo, wape kuku.